Kijani Holela

Nchi ninayotaka kuwasimulia haiko mbali wala haiko karibu. Mwenye njaa huiona akifungua tu mlango; aliyeshiba anaweza kuizunguka kwa gari maisha yake yote asiione. Ina bendera, ina wimbo, na ina kiti katika mkutano wa mataifa. Kiti hicho kina mto laini wa kukalia, maana wakubwa wa nchi hiyo hukaa sana.

Mgeni anayefika huko huvutiwa kwanza na utaratibu. Kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja la Mto Mbweha, kwa mfano, lilimalizika kujengwa zamani, zege likakauka, rangi ikapakwa, lakini kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa hajapata nafasi, wananchi waliendelea kuvuka chini yake, maji yakiwafika kifuani, wakiinua macho kulisifu. Mwaka mmoja mto ulichukua watu. Wizara ya Uzinduzi ilituma rambirambi nzito, ikaeleza kwa masikitiko kwamba marehemu wangeokolewa na daraja kama lingekuwepo. Wodi ya wazazi ya mkoa nayo ilikaa na utepe mlangoni miaka na miaka, na akina mama wakajifungulia barazani, nyuso zao zikiuelekea utepe. Utepe ule haukuguswa. Hapo ndipo unapoona malezi ya raia.

Kiongozi wa nchi huitwa Mpanzi Mkuu. Alipata jina hilo kwa sababu alipokuwa kijana alipigwa picha ameinama, ameshika mche. Picha hiyo hutundikwa katika kila ofisi, hufutwa vumbi kila asubuhi, na imestawi vizuri. Mti wenyewe hakuna anayejua ulipo.

Na Mpanzi Mkuu ana mkasi. Ni wa dhahabu, mkubwa kama wa kukatia manyoya ya kondoo, na husafiri peke yake katika gari lake. Hukata utepe na chochote kilicho nyuma ya utepe. Siku alipozindua maji ya mji mkuu, mkasi ulikata utepe, ukakata na mpira wa bomba, maji yakaruka mpaka kwenye kofia za mabalozi. Watu wakapiga makofi mno, kwa kuwa ilikuwa mara yao ya kwanza kuyaona maji hayo yakitoka.

*

Katikati ya nchi hiyo, mahali ambapo mvua hupita kama mgeni aliyekosea nyumba, kuna kijiji kinaitwa Vumbini. Serikali ilikuwa imekitangaza kuwa sehemu ya Jangwa la Taifa. Tangazo hilo lilikuwa la heshima kubwa, maana Jangwa lilikuwa na Mkurugenzi, Mkurugenzi alikuwa na magari, na wafadhili walikuja kila kiangazi kupiga picha nyufa za ardhi na kufuta machozi. Watu wa Vumbini waliombwa wasizibe nyufa.

Huko aliishi mjane mmoja, Sechelela, mwenye ulimi mkali kiasi kwamba mumewe, katika uhai wake, alipenda sana kuchunga mbali. Alikuwa na mbuzi wachache, kaburi la binti yake Mendali, na ugomvi na kila mtu. Mendali alianguka katika njia ya maji, ile ndefu iendayo Mto Mbweha, ndoo kichwani na mimba tumboni. Ndoo ilimwagika, na mwenye ndoo hakuamka. Tangu siku hiyo Sechelela alikuwa na neno moja: maji yarudi Vumbini, mtu mwingine asiende njia ile. Watu walimwonea huruma. Walisema maji hayana miguu.

Kisha akaja Chitema, bwana shamba, kijana aliyetoka chuoni na stashahada na viatu vya mvua, akapangiwa wilaya isiyo na mvua. Aliwakusanya watu chini ya Kilima cha Ngosi, kilima kilichokuwa kipara kitupu, akawaambia kwamba visiki wanavyojikwaa navyo kila siku si maiti. Mizizi iko hai. Kila mwaka kisiki hutoa machipukizi, kila mwaka mbuzi huyala na shoka humalizia. Chagueni machache yaliyonyooka, akawaambia, mengine mpogoe. Mbuzi wasipande mlimani. Na mchimbe vishimo vya nusu mwezi kwenye mteremko ili maji ya mvua yasimame kidogo kabla ya kukimbia. Hapakuwa na kitu cha kununua, na hilo ndilo lililowatia watu shaka.

Walicheka, na Sechelela alicheka kuliko wote. Alipanda mlimani kwa nia moja tu, kumwumbua. Alichagua kisiki cha mgunga kilicho kikavu kuliko vyote, akakifanyia yote aliyoambiwa, ili kiangazi kikija amburute Chitema kwa mkono akamwonyeshe uongo wake. Kiangazi kilipokuja, mgunga ulikuwa umemfika kiunoni. Alikasirika sana. Akaenda kwenye kisiki cha pili.

Ili watu walitambue chipukizi lililochaguliwa, kila nyumba, kwa maelekezo ya Chitema, ilichana kipande cha kanga au shuka kuukuu ikakifunga kwenye shina. Polepole kitambaa kikawa mila, na mila ikaota meno: kilichofungwa kitambaa hakikatwi, na atakayekikata atabeba maji kukimwagilia kisiki mpaka kichipue tena. Hapakuwa na mahakama wala rufaa. Madinda, mlevi wa kijiji, aliukata mti mmoja apate mpini wa jembe ambalo hakuwa nalo. Alibeba maji kiangazi kizima, na kwa kuwa ni vigumu kubeba ndoo na kulewa kwa wakati mmoja, mkewe alimshukuru Mungu. Tangu hapo Madinda kila alipoupita mgunga ule aliuamkia shikamoo.

Kwenye mgunga wake wa kwanza Sechelela alifunga kipande cha kanga ya Mendali.

Miaka ikapita. Nyasi zikarudi, kisha kwale, kisha nyuki. Mwisho, chini ya kilima, kwenye korongo ambalo wazee walikuwa wakilionyesha kwa kidevu wakisema hapa palikuwa na chemchemi, mchanga ukaanza kuwa na ubaridi. Sechelela alipiga magoti akachimba kwa kipande cha kibuyu. Maji yakaja, kwanza ya rangi ya chai, kisha maangavu. Hakupiga vigelegele. Alikunywa, akateka kidogo akaenda kuyamwaga kwenye kaburi la Mendali, akarudi nyumbani kutafuta mtu wa kugombana naye. Njia ya Mto Mbweha ikaota majani.

*

Bahati mbaya ya Vumbini ilitoka angani. Mkurugenzi wa Jangwa aliletewa picha ya Jangwa lake iliyopigwa kutoka juu, ili aitundike ofisini upande wa pili wa Mpanzi Mkuu. Akaona, katikati ya wekundu wote ule mzuri, doa la kijani. Akalifuta kwa leso. Akatema mate kidogo, akafuta tena. Akamwita karani, karani naye akafuta. Doa likabaki pale pale.

Alilipeleka kwa Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Profesa Kibindo, mtu mwenye elimu nyingi kiasi kwamba hujibu swali kabla hajaulizwa na hujibu lingine. Waziri aliuliza kama kilima kile chenye doa kimewahi kuzinduliwa. Akaambiwa hapana.

"Basi hakipo," akasema, na jambo lingeishia hapo kwa amani.

Lakini mwaka huo Mpanzi Mkuu alikuwa amewaahidi wafadhili kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, ataanza kulirudisha Jangwa la Taifa katika ukijani. Miche ilikwisha agizwa kutoka nchi ya baridi, na ilikuwa njiani kwa ndege. Mahali palipochaguliwa, kwa ukame wake uliothibitishwa na wataalamu, palikuwa Kilima cha Ngosi. Sasa Mtukufu angepandaje miti kwenye miti?

Waziri akafunga safari.

Alipofika, alisimama katikati ya migunga akiwa ameshika koti lake lisichomwe na miba, akataka kujua nani mwenyekiti wa jambo hili. Watu wakamsogeza Sechelela mbele, si kwa heshima bali kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama kati yake na mtu wa kugombana naye.

"Mama, nani alipanda miti hii?"

"Hakuna aliyepanda, baba."

"Mti haupandwi na hakuna. Serikali inataka jina."

"Ilikuwepo chini. Sisi tuliiacha tu iote."

"Mliiacha kwa kibali cha nani?"

Sechelela alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. "Kwani kuacha nako kuna kibali, mwanangu?"

Waziri hakukasirika. Watu wakubwa hawakasiriki. Alimgeukia msaidizi wake akamwambia kwa sauti ya upole kwamba hapa pana pengo katika sheria, na kwamba ni aibu kwa taifa huru kuwa na pengo mahali ambapo mjane anaweza kulikuta kabla ya wanasheria.

Pengo lilizibwa upesi kuliko shimo lolote la barabara katika historia ya nchi. Bunge lilipitisha Sheria ya Kijani Holela kwa kugonga meza. Kwa mujibu wake, ukijani wowote usiopandwa na mgeni rasmi ni ukijani holela na utabomolewa. Nyasi zinazozidi kifundo cha mguu wa Mkuu wa Wilaya zitahitaji kibali. Umande ulisamehewa, ila kwa msimu mmoja. Mbunge mmoja aliuliza je, kama mbegu imeletwa na ndege? Akajibiwa kwamba ndege ahakikishe amejisajili.

Wakaja vijana na makopo ya rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye kila shina, kama wapigavyo kwenye nyumba za watu waliojenga barabarani kabla ya barabara kuwepo. Walikuwa wachapakazi. Walipiga X kwenye vichuguu, wakapiga kwenye mbuzi wawili watatu, na Madinda, aliyekuwa amelala chini ya mgunga wake, akaamka na X mgongoni. Kuanzia hapo alilala amesimama.

*

Tatizo likawa shoka. Mtu wa Vumbini hakati mti uliofungwa kitambaa, hata umlipe, hata umfunge. Ikabidi waletwe wakataji kutoka wilaya nyingine, na wakataji walihitaji mtu anayekijua kilima, wapi kuna visiki, wapi kuna korongo. Alikuwepo mmoja tu. Chitema akapandishwa cheo. Kuanzia asubuhi hiyo aliitwa Msimamizi wa Usafishaji wa Eneo, akapewa kofia.

Alipanda mlimani akiwa ameiinamisha kofia ile machoni. Sechelela alikuwa amekwisha tangulia. Alikuwa ameketi chini ya mgunga wenye kanga ya Mendali, mgongo kwenye shina, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri chakula kiive.

"Chitema mwanangu, hiki kitambaa unakijua."

"Nakijua, mama."

"Kukifunga ulinifundisha wewe."

"Nilikufundisha. Niliagizwa nifundishe, nikafundisha. Sasa nimeagizwa nikate. Mama, nina watoto."

"Na mimi nilikuwa na mtoto."

Chitema alivua kofia, akaivaa tena. Kijana yule hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonisikitisha mimi msimulizi, maana mjinga tungemsamehe. Alijua chini ya kila shina kuna mizizi mirefu kuliko kilima, alijua maji ya korongo yanatoka wapi, alijua mti ule ukianguka ni ndoo ngapi zitarudi njiani. Alijua yote, na kwa kujua kwake aliweza kuwaelekeza wakataji pasipo kupoteza muda. Kwa ubinadamu, aliagiza waanzie upande wa pili wa kilima, ili mgunga wa mama ukatwe mwisho.

Askari walimwinua Sechelela wakamteremsha. Hakupiga kelele. Alikuwa na kelele nyingi maisha yake yote, na siku aliyozihitaji hazikuja.

Kazi ilifanywa vizuri. Vitambaa vilikusanywa katika magunia kama uchafu wa mazingira. Vile vishimo vya nusu mwezi vilifukiwa, maana gari la Mtukufu halipendi kuruka. Ikaonekana kwamba udongo wa kilima umekuwa mweusi, umeshiba majani na samadi, na kwenye picha haungeonekana maskini vya kutosha. Yakaletwa malori ya mchanga mwekundu kutoka mbali, ukamwagwa na kusawazishwa, ukapasuliwa nyufa kwa mapanga na fundi aliyesomea nje. Kilima cha Ngosi kikang'aa kama kipara kilichopakwa mafuta. Mkurugenzi wa Jangwa alikiangalia akasema ndiyo, sasa anakitambua.

*

Siku ya uzinduzi miche ilishuka kutoka kwenye lori lenye ubaridi, kila mche na mwavuli wake na kijana wa kuushika mwavuli. Ilikuwa miti mizuri, isiyo na miba, yenye majani mapana kama masikio ya mtu anayesikiliza sana. Watu wa Vumbini walipangwa kwenye jua. Walikatazwa kusimama kwenye kivuli, na katazo hilo lilitekelezwa kwa urahisi.

Mpanzi Mkuu alihutubia mpaka miavuli ikaanza kuinama.

"Wananchi," akasema, "nilipofika hapa niliona nini? Sikuona kitu. Jangwa hili limeishi kwa sababu ninyi mmekaa, mmekunja mikono, mmesubiri. Leo nimekuja kuwafundisha kupanda. Mti ni uhai. Mti ni maji. Anayekata mti anakata shingo ya mjukuu wake, na mimi mtu huyo sitamvumilia. Chini ya uongozi wangu jangwa litakoma, na likikaidi litaundiwa tume."

Wanakwaya wa taifa wakalia kwa furaha. Chitema, aliyekuwa amesimama nyuma ya viti, alitazama viatu vyake.

Shimo la mche wa Mtukufu lilikuwa limechimbwa kando kabisa ya kile kisiki cha mgunga wa Mendali, maana ndipo udongo ulipokuwa laini. Mche ukaingizwa. Ukafungwa utepe mwekundu, fundo zuri lenye mabawa. Mkasi ukaletwa juu ya mto wa hariri. Mpanzi Mkuu akaupanua kwa mikono miwili, akaukata utepe, na pamoja na utepe akakata jani la juu la mche, jambo ambalo halikuonekana.

Hapo ndipo makofi yalipaswa kupigwa, na Vumbini hawakupiga. Walishusha pumzi wote kwa pamoja, kama watu walioona mtoto akitemea mate chakula. Mtu amefunga kitambaa kwenye mti, na mwingine amekikata mchana kweupe, mbele ya watu, akicheka.

Sechelela akasimama. Sauti yake ilikuwa imerudi, lakini haikuwa ile ya ugomvi.

"Baba," alisema, "hapa kwetu aliyekata kitambaa hubeba maji mpaka kisiki kichipue. Ni mila. Hata Madinda alibeba, na Madinda ni mlevi. Wewe si mlevi."

Mpanzi Mkuu, ambaye sikio lake moja lilikwisha chakazwa na makofi, alimwinamia Waziri.

"Anasemaje huyu mama?"

Profesa Kibindo hakupepesa macho. "Anaomba, Mtukufu, apewe heshima ya kuumwagilia mti wako."

Mpanzi Mkuu aliguswa. Watu waliokuwa karibu walishuhudia kwamba jicho lake la kushoto lililowana. Pale pale alimteua Sechelela kuwa Mmwagiliaji wa Mti wa Taifa, cheo cha maisha, kisicho na mshahara ili kisichafuliwe. Akampa ndoo mpya yenye picha yake. Akampa na askari, wa kumsaidia asije akaikataa heshima hiyo kwa unyenyekevu.

*

Korongo lilikauka kabla ya mwezi wa tatu wa kiangazi. Mchanga ukapoteza ubaridi wake, kisha nyuki wakahama, kisha majani yaliyokuwa yameota kwenye njia ya Mto Mbweha yakakanyagwa na miguu ya wanawake, na njia ikafunguka tena, nyeupe, kama kidonda kilichokunwa.

Sechelela aliipita kila siku, ndoo ya Mpanzi Mkuu kichwani, askari nyuma yake. Alipapita pale njiani Mendali alipoangukia. Hakusimama, kwa kuwa askari alikuwa na haraka, lakini kila siku alipofika hapo aliitikisa ndoo kidogo, na maji kidogo yakadondoka. Askari aliandika ripoti kwamba Mmwagiliaji ameanza kuzeeka shingo.

Mti wa Taifa ulikufa mapema. Haukupenda jua, haukupenda mchanga, na nadhani haukupenda hotuba. Lakini kufa hakukuruhusiwa. Mkuu wa Wilaya alitangaza kwamba mti umo katika mapumziko. Majani yalipogeuka kahawia yalipakwa rangi. Yalipodondoka yalifungwa kwa uzi. Miche mingine ilikwisha ng'olewa na upepo pamoja na miavuli yake, na wafadhili wakatumiwa picha ya siku ya kwanza, ambayo ilikuwa nzuri.

Sechelela aliendelea kumwaga maji. Amri ilisema maji yamwagwe. Haikusema yamwagwe wapi, na askari hakuwa mtu wa kuongeza neno kwenye amri. Basi Sechelela aliyamwaga hatua moja pembeni ya mti ule wa uzi, juu ya mchanga mwekundu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuonekana.

"Mama, mbona unakosea mti?" Madinda alimwuliza siku moja, akiwa na X yake iliyofifia.

"Mtu mmoja alikata kitambaa," akajibu Sechelela. "Hajaja kubeba. Namkopesha shingo."

Mawingu yakakusanyika, mvua ikaja kidogo, ya kuosha miguu tu. Asubuhi moja mchanga ukapasuka bila msaada wa fundi, na chipukizi la mgunga likachomoza, jembamba kama kidole cha mtoto, na miba yake midogo ikiwa bado laini. Sechelela aliinama kana kwamba anarekebisha kiatu. Alichana pindo la kanga yake, akalifunga kwenye lile chipukizi, fundo la kukaza, maana shina lilikuwa dogo na upepo mwingi. Askari aliona, akadhani ni ushirikina, na ushirikina katika nchi hiyo unaruhusiwa.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu korongo likauke, aligombana na jirani.

*

Baada ya wiki chache Chitema alikuja kukagua. Kofia yake ilikuwa imepauka. Aliuona mti wa uzi, akaliona na chipukizi pembeni, likiwa limefika gotini, na kitambaa chake. Alikaa mbele yake kwa muda mrefu akiwa amechuchumaa. Sechelela alikuwa amesimama na ndoo tupu. Chitema hakumwamkia, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

Nadhani alitaka kutenda wema. Alijua chipukizi hilo, kwa sheria, ni kijani holela. Alijua pia kwamba kipo kitu kimoja tu mlimani pale ambacho hakuna mwenye shoka angethubutu kukigusa. Kwa hiyo aliung'oa ule mti uliokufa, nyuzi na rangi na yote, akaufukia, akarudi mjini kutoa taarifa kwamba Mti wa Taifa umemaliza mapumziko na kuchipua upya. Alipoulizwa kuhusu miba alieleza kwamba ni uzalendo: mti wa ng'ambo umekula udongo wa nchi, sasa unajilinda. Wasomi wakaliafiki jambo hilo. Aliporudi Vumbini kumweleza Sechelela kwamba sasa mgunga uko salama, kwamba hakuna atakayeukata kamwe, alikuwa anatabasamu, na alikuwa hajatabasamu tangu apewe kofia.

Sechelela alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia umechipua upya?"

"Ndiyo, mama."

"Umezinduliwa?"

Tabasamu la Chitema lilikaa usoni kidogo zaidi, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba msiba umekwisha.

Magari yakaja. Mpanzi Mkuu hawezi kuwa na mti uliofufuka bila ufufuo kuzinduliwa. Ingekuwa ni kama haukufufuka. Msafara wa maandalizi ulipanda mlimani na turubai na viti na wanakwaya, na Waziri Kibindo mwenyewe akaja kukagua. Alilizunguka chipukizi lile mara moja, akaliona lile pindo la kanga lililokazwa kwenye shina, kiasi kwamba ukucha usingepita katikati. Uso wake ukachangamka. Aliwaita wasaidizi wake waone.

"Tazameni watu wa Vumbini," akasema. "Walikuwa wagumu, lakini wamejifunza. Utepe wameshafunga wenyewe. Kimebaki mkasi tu."

Akamtafuta Mmwagiliaji ampongeze. Sechelela alikuwa amekwisha kuiweka ndoo kichwani, anashuka kuelekea njia ya Mto Mbweha, na askari anamkimbilia.

"Mama, unakwenda wapi? Wageni wamefika."

"Kuteka maji," alisema Sechelela, bila kugeuka. "Kesho mtu atakata kitambaa. Na atakayebeba tunamjua."